Mdogo wangu ana PCB, Daraja la II: kozi zenye majina mageni zinampeleka wapi?

Fundi wa Kahama

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Kahama na ndiye ninayemsomesha mdogo wangu wa mwisho. Matokeo ya kidato cha sita yametoka: Fizikia D, Kemia C, Baiolojia C, yaani Daraja la II pointi 10. Tumeshukuru Mungu, mama kachinja jogoo, sasa tumebaki na kazi ya kuomba chuo.

Tangu kidato cha tatu wimbo wake ulikuwa udaktari. Ataomba, simzuii, ila sote tunajua foleni ya udaktari ilivyo, wenye A na B wamejaa mbele yake. Kwa hiyo nilienda steshenari nikachapisha ule mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kurasa za sayansi tu, na baada ya kufunga ofisi tukakaa naye tukaupitia mstari kwa mstari. Ndugu zangu, kumbe kuna shahada ya ufugaji nyuki. Kuna ya usimamizi wa nyanda za malisho, ya viumbe wa majini na uvuvi, ya tiba ya mionzi, ya lishe ya binadamu, ya sayansi na teknolojia ya chakula, ya afya ya mazingira. Kijana akawa anatia tiki kila ukurasa.

Baba mdogo kasema tuache kuhangaika, asome ualimu au uuguzi, kazi ambazo kila mtu anazijua. Anauliza, mtu akishamaliza shahada ya chakula ataajiriwa kama nani? Swali lake nalichukulia kwa uzito maana ada inatoka kwenye mashine yangu.

Kuhusu kijana mwenyewe: anapenda maabara. Kuku wa mama walipokuwa wanakufa alifungua daftari, akawa anaandika kila kifaranga kinachokufa, siku gani, banda lipi, walikuwa wamelishwa nini. Shuleni alipenda sana yale majaribio ya kupima wanga na protini kwenye vyakula. Hesabu anaziweza za wastani. Kusimama mbele za watu kuongea hapendi kabisa.

Naomba waliosoma kozi hizi waniambie kwa lugha ya kawaida: darasani unafundishwa nini hasa, na ukishaajiriwa unaamka asubuhi kwenda kufanya nini? Natanguliza shukrani.

Mwalimu wa Zamu

Dada Fundi, hongera sana kwa kumfikisha hapo. Mimi nafundisha Kemia na Baiolojia, mwaka wa kumi na kitu sasa, na ualimu naupenda. Walimu wa sayansi bado ni wachache mashuleni, kwa hiyo baba mdogo hajakosea kuutaja. Ila umeandika kwamba kijana hapendi kusimama mbele za watu. Hilo lipe nafasi yake. Nimewaona vijana walioingia ualimu kwa sababu nyumbani waliambiwa ndiyo kazi ya uhakika, kipindi cha dakika 40 kwao ni mateso, na darasa la watoto 80 linalijua hilo siku ya kwanza.

Jambo moja la kuwaweka sawa kabla hamjaendelea, maana kila mwaka naona wazazi wanachanganya. Pointi 10 za NECTA, Baraza la Mitihani, ni za kupanga daraja, zikiwa chache ndiyo vizuri. TCU wana hesabu yao: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na huko zikiwa nyingi ndiyo vizuri. Kwa hesabu hiyo kijana ana 8 kwa masomo matatu. Mkisoma safu ya vigezo kwenye mwongozo, tumieni hiyo 8, na muangalie kozi inahesabu masomo mawili au matatu, na ni yapi.

Mama Sampuli

Dada Fundi, salaam kutoka Kibaigwa. Nimesoma Sayansi na Teknolojia ya Chakula pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na leo ni mdhibiti ubora kwenye kinu cha unga wa mahindi. Umeuliza ninaamka kwenda kufanya nini, basi nikueleze asubuhi yangu.

Lori la mahindi likiingia getini haliruhusiwi kushusha mpaka nimalize. Napanda juu na bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, nachoma magunia ya mbele, ya kati, ya nyuma, ya juu na ya chini kabisa kadiri ninavyoyafikia. Sampuli zote nazichanganya kwenye ndoo. Kwanza napima unyevu, mwisho wetu ni asilimia 13.5. Ukizidi hapo mahindi yataota ukungu stoo hata kama leo yanang'aa. Halafu natoa kiasi, nakisaga laini, nakichanganya na kimiminika cha kutolea sumu, nachuja, nachovya kipande cha kupimia na kukisoma kwenye kifaa. Kinachotafutwa ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu, hasa ile iitwayo aflatoksini. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote kwa jumla, na 5 kwa ile aina ya B1 ambayo ndiyo kali kuliko zote. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa hiyo jicho halina kazi hapo, wala pua.

Mwenye mzigo anakuwa amesimama pembeni yangu muda wote huo. Amekopa, amelipa ushuru, amelala njiani. Nikimwambia lori lake halishuki anachukua punje kiganjani na kuniuliza, sumu iko wapi hapa? Hapo ndipo elimu inapohitajika, maana inabidi nimweleze kwamba kuvu hawa hawajitawanyi sawasawa, gunia moja lililolowa mvua linaweza kuharibu mzigo mzima likisagwa pamoja na mengine, na kwamba sumu hii haifi kwa moto. Ugali uive vipi, inabaki. Watu wa huku hawahitaji kuambiwa mara mbili. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na vijiji vyenyewe tunavijua.

Sasa nataka umwonyeshe mdogo wako kitu kimoja, maana hayo majina kwenye mwongozo yanatisha yakiwa yamepangwa kwenye orodha. Achukue gunia moja tu la mahindi alifuate. Kuvu huanzia shambani, kwa hiyo kuna mtu wa kilimo cha mazao na magonjwa ya mimea anayejua kwamba wapo kuvu wa jamii hiyohiyo wasiotoa sumu, wanatawanywa shambani wawahi nafasi ya wale wabaya. Mahindi yakivunwa, kuna mhandisi wa kilimo anayeshughulika na kukausha na maghala. Yakifika kinuni niko mimi. Tukikoboa, sehemu kubwa ya sumu inaondoka na pumba, na pumba wanalishwa ng'ombe na kuku, hapo anaingia mtu wa lishe ya mifugo na daktari wa mifugo, kwa sababu ng'ombe akila pumba hizo sumu inapita mwilini na kutokea kwenye maziwa. Maziwa anakunywa mtoto, na afisa lishe wa halmashauri ndiye atakayeona mtoto hakui. Mtu mzima ini likiharibika, damu yake itasomwa na mtu wa maabara ya tiba. Shahada zote hizo zimo kwenye mwongozo uliochapisha, na kijana wa PCB anaweza kuziomba karibu zote isipokuwa uhandisi, ambao unataka hesabu. Nikisoma habari ya lile daftari la vifaranga naona kabisa kijana wa kufuatilia chanzo cha tatizo.

Ila kozi zenye majina yanayofanana zisiwachanganye. Chakula na lishe ni majirani, wengi wanaziandika zote mbili wakidhani ni kitu kimoja. Sisi wa chakula tunaelekea kiwandani: kemia ya chakula, vijidudu, mashine za kusindika, vifungashio, kukaa kwa bidhaa dukani, viwango. Wenzetu wa lishe wanaelekea kwa mtu: mama mjamzito, mtoto chini ya miaka mitano, mgonjwa wa kisukari, kijiji kizima kisichokula mboga za majani. Mtu wa lishe lazima aongee na watu kutwa, tena akina mama wasiomjua, na akubalike kwao. Kwa maelezo yako kijana atachoka huko mapema.

Hivyo hivyo maabara ya tiba na bayoteknolojia. Wote wanavaa koti jeupe, lakini mmoja anasoma damu na makohozi ya wagonjwa na kutoa majibu leo, mwingine anashughulika na vinasaba na utafiti ambao jibu lake linaweza kuchukua miaka.

Njia niliyotumia mimi kutofautisha ni hii: sikuishia kwenye jina la kozi wala masomo ya mwaka wa kwanza, maana mwaka wa kwanza karibu wote mnasoma kemia na baiolojia zilezile. Nilitafuta orodha ya masomo ya mwaka wa mwisho, vyuo vinaiweka kwenye tovuti zao. Hapo ndipo kozi inapoonyesha inakotaka kukufikisha. Na ulizeni wanafunzi wake wanapelekwa fildi, yaani mafunzo kazini, wapi.

Afya Mpakani

Nami niongeze la kwangu. Nimesoma Afya ya Mazingira pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, niko kituo cha mpakani Tunduma. Watu wakisikia jina wanadhani tunapanda miti.

Kazi yangu ni kuzuia ugonjwa kabla haujafika hospitali. Leo nakagua kadi za chanjo ya homa ya manjano kwa wasafiri, kesho nakagua shehena ya samaki au juisi zilizoingia, keshokutwa niko sokoni kuangalia vyoo na maji. Kipindupindu kikilipuka, daktari anabaki wodini na wagonjwa, sisi tunaenda kwenye kisima walikochota. Napima klorini kwenye bomba la mwisho la mtaa, kwa sababu maji yanaweza kutoka kwenye tangi yakiwa salama na yakaharibika njiani.

Ni kazi ya kutembea na ya kubishana na watu. Ukifunga mgahawa wa mtu lazima uwe na kifua. Tuna baraza letu la usajili, bila kusajiliwa hufanyi kazi hii. Kuhusu kijana asiyependa kuongea, naona Mama Sampuli yuko sahihi, aanze na chakula, hii aiweke ya pili au ya tatu.

Kwa Mtogole

Dada, shikamoo. Mimi niko mwaka wa mwisho tiba ya mionzi, MUHAS, mazoezi tunafanyia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nimeona umeitaja.

Kozi hii ina fizikia nyingi kuliko watu wanavyotarajia, mwambie kijana aifikirie hiyo D yake kwa makini na asome kigezo cha fizikia kwenye mwongozo kabla ya kulipia maombi. Sisi siyo madaktari wa saratani. Daktari anaamua mgonjwa apigwe mionzi, mtaalamu wa fizikia ya tiba anapiga hesabu na kuhakiki kipimo, na sisi ndio tunaomlaza mgonjwa kwenye mashine na kumweka sawasawa na alama zake, kila siku palepale, kwa sababu mionzi ikihama kidogo inaunguza pasipohusika. Mgonjwa wa shingo au kichwa anatengenezewa kinyago cha plastiki kinachoshika uso usicheze. Unamwona mtu yuleyule Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, unajua majina ya wajukuu zake. Mimi naipenda mno kazi hii na nchi ina wataalamu wachache. Lakini asiingie kwa sababu tu haijajaa waombaji. Inahitaji mtu anayeweza kukaa na wagonjwa wenye maumivu.

Fundi wa Kahama

Marahaba mdogo wangu, na Mungu akutie nguvu hapo Ocean Road. Wote nawashukuru, nimemsomea kijana kila neno. Alipofika kwenye gunia la mahindi alininyang'anya simu akasoma mwenyewe.

Mama Sampuli, nina maswali mawili. La kwanza ni la baba mdogo, nimemwambia nitaliuliza kama lilivyo: waliomaliza na wewe, wako wapi leo? Usinipunguzie. La pili naye ndiye aliyelileta baada ya kusikia habari za sumukuvu: ana mahindi yake stoo tangu mwezi wa sita, hana kifaa cha kupima unyevu. Afanyeje?

Mama Sampuli

Mjibu baba mdogo hivi, bila kupunguza. Mimi mwenyewe nilimaliza chuo na kukaa nyumbani zaidi ya mwaka. Nikapata kibarua cha muda kwenye usindikaji wa maziwa, nikaosha vyombo vya maabara, nikapima mafuta ya maziwa ya wafugaji alfajiri, na hapo ndipo mkono ulipozoea vifaa. Hiki kinu kilinichukua kwa sababu ya kile kibarua kuliko cheti.

Katika darasa letu wapo walioingia Shirika la Viwango, TBS, na huko nafasi ziliongezeka umuhimu tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulipohamishiwa kwao kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Wapo viwandani: maziwa, juisi, mafuta ya alizeti. Mmoja ana karakana yake ya siagi ya karanga, ameajiri akina mama, na mizigo yake inakwenda mpaka Mwanza. Wawili wanafundisha. Na wapo wanaofanya kazi zisizohusiana kabisa na tulichosoma, wengine benki, wengine wanauza simu. Hao nao walisoma vizuri, ila hawakupata mlango na maisha hayakusubiri. Baba mdogo ana haki ya kulijua hilo. Tofauti niliyoiona mimi ni kwamba waliokwenda fildi na kukaa kiwandani kweli, wakashika kazi hata isiyo na malipo, waliitwa tena. Waliokwenda kutafuta saini ya kitabu cha fildi hawakuitwa. Kwa hiyo dada, tenga hela ya nauli na chumba cha kipindi cha fildi mapema, maana ndipo wazazi wengi wanapoishiwa na kijana anaishia kufanya fildi karibu na nyumbani pasipo na kiwanda.

Ugumu wa ajira nao tuuseme: kazi ya serikali inasubiriwa, inatangazwa kwa vipindi na waombaji ni wengi. Mtu wa chakula ana faida moja, anachosomea kinaweza kufanywa na mtaji mdogo. Kuna viwango vya kufuata na leseni ya kutafuta, lakini maarifa ya kukifanya kitu kisiharibike dukani anayo tayari.

Kuhusu stoo ya baba mdogo. Achukue chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye mfuniko. Atie mahindi kiasi cha robo au theluthi ya chupa, aongeze kijiko cha chumvi kavu, ile ya unga laini iliyokaushwa jua au kikaangoni. Atikise kwa dakika chache kisha aache itulie. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Chumvi ikianguka yote chini, yako chini ya hapo. Njia hii haimwambii kama sumu imeshaingia, inamwambia tu kama stoo yake inaikaribisha. Yakiwa mabichi ayaanike juu ya turubai, asiyamwage kwenye udongo, na magunia ayapange juu ya mbao, mbali na ukuta. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu azichambue na asiwape kuku. Waambie na mama.

Mwalimu wa Zamu

Dada Fundi, kabla hamjatuma maombi. Siku hizi mnaomba moja kwa moja kwenye mfumo wa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya maombi, kwa hiyo msirushe maombi vyuo saba bila hesabu. Akichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja atatumiwa namba maalumu ya kuthibitisha, anathibitisha kimoja tu, na afanye hivyo kabla ya tarehe ya mwisho. Nimeona watoto wakipoteza nafasi kwa sababu namba ilitumwa kwenye simu ya mjomba aliyekuwa machimboni.

Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe mapema RITA, wale wakala wa usajili wa vizazi na vifo, Bodi ya Mikopo watakihitaji kiwe kimehakikiwa. Mwongozo wa mikopo unatoka kila mwaka, msome wa mwaka huu wenyewe, msitumie wa jirani aliyeomba zamani.

Asali ya Miombo

Nimechelewa kuingia ila nimeona ufugaji nyuki umetajwa na hakuna aliyeugusa. Mimi nilianzia stashahada pale Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora, nikaenda kumalizia shahada Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM. Dada, mdogo wako kama alitia tiki kwa dhati, asiivuke haraka. Wewe uko Kahama, umekaa mlangoni kwa miombo.

Tunasoma mimea inayotoa chavua na nekta na misimu yake, magonjwa na wadudu wa nyuki, kemia ya asali, uchakataji wa nta, na biashara yake. Asali nayo inapimwa: ikizidi maji asilimia 20 inachacha, na kifaa cha kuipimia kinaenea mfukoni. Mavuno mengi huku kwetu yanaharibika kwa sababu mtu amevuna masega ambayo nyuki hawajayafunika bado. Kumfundisha mfugaji kusubiri hizo siku chache ndiyo sehemu kubwa ya kazi yangu. Na ni kazi ya porini, usiku mara nyingi, na nyuki wetu ni wakali.

Kuna wafugaji upande wa Ushirombo, siyo mbali na hapo. Apande gari aende, aombe kuambatana nao siku moja ya kukagua mizinga. Avae suruali nzito, buti, asipake mafuta ya kunukia, na aulize kabla kama wana vazi la ziada. Akirudi bado anaitaka, aiweke kwenye orodha. Wewe nitumie ujumbe binafsi, nitakuelekeza kwa kiongozi wa kikundi wa huko.